Kasuku wa Kaatsheuvel hakujibu hodi

"Kwa hiyo tumelipa ili tutazame miti?"

Mama aliuliza hivyo hatujamaliza hata dakika kumi ndani ya lango, kwa sauti ileile anayoitumia sokoni Pangani muuza samaki akimtajia bei ya kolekole. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshamdanganya bei ya tiketi, nikaikata nusu, na hata hiyo nusu ilimshtua. Kiingilio cha Efteling hubadilika kufuatana na siku. Siku yetu, Jumamosi ya likizo ya watoto, kilipita euro 40 kwa kichwa, na kichwa cha mtoto wa miaka mitano kinahesabiwa sawa na cha mama yake. Tulikuwa watano. Hesabu hiyo niliifanya mara moja tu, nikaizika.

Kuhusu miti alikuwa na haki. Efteling iko Kaatsheuvel, kijiji cha mkoa wa Noord-Brabant kusini mwa Uholanzi, kwenye ardhi ya kichanga iliyojaa misonobari, na waliojenga bustani hii ya burudani hawakuona sababu ya kuikata. Unatembea unasikia watu wanapiga mayowe na huwaoni. Kisha majani yanafunguka, reli nyekundu inapita juu, mayowe yanakuwa na nyuso, halafu majani yanajifunga tena.

"Kuna watu wanaumizwa huko?" Mama akauliza.

"Wanafurahi, Mama."

"Mh."

Mama alikuja kwa viza ya siku 90, na hii ilikuwa siku ya sabini na ushee. Vinu vya upepo tulishamwonyesha. Mifereji ya Amsterdam ilimkumbusha mto Pangani, ila alisema huu wetu una adabu ya kwenda mahali. Kilichobaki ni hiki ambacho wajukuu wake walikuwa wamekililia tangu alipotua: kumpeleka Bibi Efteling. Hapa Tilburg, nusu saa tu kwa basi, mtoto ambaye hajaenda huko anaonekana ana upungufu fulani. Nikakubali. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama hakulala. Nilimsikia jikoni saa kumi alfajiri akikanda chapati, na tulipotoka alikuwa ameshapakia hotpoti mbili, kababu, chupa ya chai, na kanga tatu "za lolote litakalotokea". Nilitaka kumwambia watatunyang'anya mlangoni, halafu nikakumbuka kwamba hawanyang'anyi. Waholanzi wenyewe huingia na mikate yao waliyoipaka siagi nyumbani, wakakaa nyasini wakala bila aibu. Ni jambo moja ambalo mtu wa Tanga na mtu wa Brabant wanaelewana bila mkalimani.

Langoni pana paa kubwa sana lenye ncha ndefu zilizochongoka, limeezekwa kwa matete.

"Wazungu nao wameezeka makuti," Mama akasema, akasimama kulikagua kama fundi.

"Matete, Mama."

"Makuti ya kwao."

Tuliingia kwanza Msitu wa Hadithi, kwa sababu ya magoti ya Mama na kwa sababu ndipo bustani yote ilipoanzia. Zamani hapa palikuwa na viwanja vya michezo ambavyo mapadri wa kijiji walivianzisha miaka ya 1930 kwa ajili ya vijana wao. Kaatsheuvel kilikuwa kijiji cha mafundi viatu, watu wa kipato cha chini. Baada ya vita meya wao, van der Heijden, akataka pawe na kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1950 ukaundwa wakfu wa kuisimamia ardhi, na tarehe 31 Mei 1952 msitu ukafunguliwa ukiwa na hadithi kumi. Michoro ilikuwa ya Anton Pieck, mchoraji aliyekwisha kuwa maarufu kwa picha za vijumba vilivyopinda na theluji madirishani. Mitambo iliyofanya sanamu zipumue na kusema ilikuwa ya Peter Reijnders, fundi na mpiga filamu. Inasemwa Pieck hakutaka kuifanya kazi hiyo mpaka alipohakikishiwa kwamba watajenga kwa matofali na mbao za kweli, si maboksi ya kupakwa rangi. Ukigonga ukuta wa kasri pale unaumia kidole. Mama alipogonga, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Nilipomwambia kwamba mpaka leo mwenye mali ni ule wakfu wa 1950, uso wake ukalegea kidogo. "Wakfu? Basi ungenambia mapema." Kuanzia hapo hakuilalamikia tena bei. Pesa iliyoingia kwenye wakfu, kwake, haijapotea.

Sasa huo msitu. Njia zinajipinda ili usione kinachofuata, na kila kona ina kisa. Kuna Langnek, mtu wa shingo ndefu, amekaa mlangoni. Ghafla shingo inaanza kupanda, inapanda, mpaka kichwa kiko juu ya wigo kinageuka huku na huku. Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, akaenda kujificha ndani ya kanga ya Bibi yake. Bibi mtu akamtazama yule jamaa kwa makini, akasema: "Namjua. Mtaani kwetu alikuwa anakaa nyumba ya tatu." Kuna binti mfalme aliyelala miaka 100, kifua kinapanda na kushuka taratibu, na mlinzi wake naye anakoroma. "Miaka mia adhana inampita tu," Mama akasema, lakini alibaki dirishani muda mrefu kuliko watu wote, akikitazama kile kifua. Kuna viatu vyekundu vinavyocheza peke yake bila miguu, na nikiwaza kwamba vinachezea kijiji cha mafundi viatu navipenda zaidi. Kuna uyoga uliopangwa kando ya njia, ukiinamisha sikio unasikia muziki.

Na kuna punda. Unatia sarafu kwenye kitundu, punda anatikisika, analia, halafu kutoka huko nyuma unakotarajia kitu kingine inadondoka sarafu nyingine ya kumbukumbu. Watoto waliangua kicheko hata wakakaa chini. Mama naye alicheka mpaka akajishika kiuno, na mimi sijamwona akicheka hivyo tangu msiba wa Baba. "Babu yenu alifuga punda miaka thelathini," akawaambia wajukuu. "Aliyoyapata huko nyuma ni mbolea tu."

Muda mwingi zaidi, hata hivyo, uliliwa na Holle Bolle Gijs. Huyu ni sanamu la bonge la mlafi, mdomo wazi, ambaye tangu mwaka 1959 kazi yake ni kula takataka. Anaita, "Papier hier! Papier hier!" yaani karatasi hapa, na ukisogeza karatasi mdomoni anaivuta kwa pumzi, kisha anasema ahsante. Ni pipa la taka, hakuna zaidi. Lakini watoto wa Efteling hukimbizana kuokota uchafu wa wenzao ili wapate kumlisha. Mwanangu mdogo aliokota kila alichokiona, kikaisha, akaanza kuchana tishu mpya za Bibi yake. Tulimdaka akiwa na kadi ya basi mkononi. Mama alisema huyo Gijs mmoja akipelekwa soko la Mgandini pale Tanga, halmashauri inaweza kupumzika. Nimefikiria hilo mara kadhaa tangu siku ile. Adhabu na mabango tumejaribu sana kwetu. Mdomo wa kulishwa hatujajaribu.

Halafu tukafika kwa kasuku.

Kasuku wa msitu huu ni mtaratibu: unasimama mbele yake, unasema neno, anakaa kimya kidogo, kisha analirudisha kwa sauti ya kukwaruza. Mbele yetu kulikuwa na familia ya Kiholanzi ikimfundisha matusi madogo madogo, kama watu wote duniani wafanyavyo mbele ya kasuku. Ikafika zamu yetu. Mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, akamwambia jina lake, kwa Kiholanzi. Mdogo akambwekea kama mbwa. Mama akarekebisha mtandio, akasogea, akainama kidogo kama mtu aliyefika kibarazani kwa watu asiowafahamu.

"Hodi!"

Kasuku akanyamaza. Kisha: "Hodi!"

Mama akasubiri. Nilimwona anasubiri kweli. Akarudia, safari hii akiivuta ile o kama tunavyoivuta pwani. "Hodiii!"

"Hodiii!"

Mama akanigeukia. "Maskini. Kumbe naye mgeni kama mimi."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini lile neno lilinikaa. Wanangu wanakielewa Kiswahili, nikiwasemesha wananijibu Kiholanzi, na mimi kwa uchovu wa kazi naendelea na kilichorahisi. Usiku nawasomea vitabu vya maktaba. Paukwa sijawahi kuwaambia, hata mara moja. Mama alikuwa ametuambia kila usiku wa umeme kukatika, na umeme ulikatika sana. Mbele ya yule kasuku, mkubwa wangu akaninong'oneza, "Kwa nini Bibi anapiga hodi, si hakuna mlango?" Nikamwambia nitakueleza baadaye. Jibu la mzazi mvivu.

Adhuhuri tulikula. Mama alitandika kanga ya kwanza kwa chakula, na ya pili, mbali kidogo chini ya mti, kwa swala. Kibla tulikitafuta kwa simu. Mzee mmoja wa Kiholanzi alipita na kiti chake cha magurudumu, akapunguza mwendo, akasubiri Mama amalize kusujudu ndipo akapita mbele. Baada ya hapo nilikwenda kununua poffertjes ili Mama aonje cha kwao. Ni vidonge vidogo vya unga na hamira, hukaangwa kwenye kikaango chenye vishimo vishimo, vikapakwa siagi na kunyunyiziwa sukari ya unga. Mama alikitazama kile kikaango kwa mbali kabla hata sijarudi.

"Chuma cha vitumbua kile."

Akaonja kimoja. Akatafuna kwa uadilifu. "Vitumbua hivi vimenyimwa nazi," akasema. "Na iliki. Lakini mpishi wake hana kosa, ndivyo alivyofunzwa." Akala saba.

Mchana ulikuwa wa bahari. Sikutarajia, katikati ya misonobari ya Brabant, kukutana na bahari yetu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwanza tulipanda mashua za Fata Morgana, jumba lililofunguliwa 1986, ambamo unapelekwa kimyakimya majini kupita mwituni, kisha mji wa Kiarabu: soko, gereza, sultani katika baraza lake, hazina zinazong'aa. Ni Alfu Lela Ulela iliyotiwa mota. Mama alikuwa kama mtu anayepita mtaa alioishi zamani. Muuza zulia, alimjua. Yule jitu mkubwa, akamwita "jini" bila kusita na akasoma aya. Kilichomkera ni sultani: "Wamemnenepesha sana. Sultani aliyenona hivi hapandi hata ngazi za jumba lake." Sijui alimwona wapi aliyekonda.

Kisha Vogel Rok. Hili ni treni la mteremko linalokimbia gizani ndani ya jengo, lilifunguliwa mwaka 1998, na juu ya mlango wake ametanda ndege mkubwa wa kutisha, mabawa yamekunjuliwa. Ndiye yule Rukhi wa safari za Sindbad, anayebeba tembo kwa makucha. Mkubwa wangu alihitaji urefu wa sentimita 120, akavuka kwa sentimita sita na kutembea kama ameposwa. Wakati yeye na baba yake wako kwenye foleni nilimweleza Mama niliyowahi kusoma: kwamba Marco Polo alipoandika habari za Madagascar ndipo alipomtaja huyu ndege, na kwamba Madagascar kweli palikuwapo ndege mkubwa asiyeruka, aliyekwisha kutoweka, mayai yake yakiwa makubwa kuliko ya mbuni mara nyingi. Wengi wanadhani hadithi ilianzia kwenye mayai hayo.

"Kwa hiyo ni wa huku kwetu," Mama akasema.

"Wa jirani."

"Babu yangu alikwenda Bukini, hiyo Madagascar yenu, kwa jahazi. Hakusema habari za ndege." Akafikiri. "Lakini babu alikuwa hasemi habari za mambo mengi."

Jirani na hapo kuna mchezo mdogo unaoitwa Sirocco, vyombo vinavyozunguka, nao una habari za Sindbad. Mdogo alitaka kupanda, tukakaa kwenye foleni, na hapo nikamweleza Mama jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mpaka mwaka 2021 mchezo uleule, mahali palepale, uliitwa Monsieur Cannibale. Ulikuwapo tangu 1988. Vyombo vilikuwa vyungu. Katikati alisimama sanamu la mtu mweusi, mpishi wa kula watu, na wewe mgeni ulikaa chunguni ukazungushwa kama nyama. Nilipofika nchi hii, kabla ya kuolewa, wenzangu wa kazini walinileta Efteling, tukaingia chunguni wanne. Nilicheka. Hakuna aliyenilazimisha kucheka, na ndiyo maana bado inaniuma. Baadaye bustani yenyewe ikaubadilisha, kama ilivyowabadilisha vilevile wanasesere wa Kiafrika katika mchezo mwingine wa nchi za dunia, na kuna watu waliokasirika kwamba utoto wao umechukuliwa. Mimi nilifurahi. Wakati uleule nilitamani mtu mmoja tu kati ya wale wanne akumbuke siku ile.

Mama alikaa kimya mpaka foleni ikasogea hatua tatu.

"Na mlilipa?"

"Tulilipa, Mama."

"Sisi tulipokuwa watoto tuliambiwa Wazungu wana mumiani. Ukitembea usiku unakamatwa, unanyonywa damu, inatengenezwa dawa. Gari la zimamoto likipita tunakimbilia uvunguni." Akanikonyeza. "Ila sisi hatukutoza kiingilio."

Sikutegemea. Nilicheka mpaka mtu wa mbele akageuka.

Kitu kimoja tu kilikwenda mrama siku ile, nacho ni mtoto wa miaka tisa na fimbo ya kupimia. Alikuwa amejiahidi Baron 1898, treni la mteremko la mgodi wa dhahabu lililofunguliwa 2015. Linapandishwa mita 30, linaning'inizwa ukingoni kidogo ili ujutie maisha, kisha linaachiwa wima mita 37 na nusu mpaka ndani ya shimo kama ndoo kisimani, kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa. Urefu unaotakiwa ni sentimita 132. Alikuwa na 126. Alivimbisha kifua, akanyoosha shingo kama Langnek. Msichana wa mlangoni akasikitika naye kwa dhati na akakataa kwa dhati. Kilio kilikuwa cha mtu mzima, kile cha kimya. Mume wangu akataka kuacha kupanda kwa kumhurumia, mtoto akamwamuru apande, "ili mtu wa nyumbani awe amepanda."

Kisa cha mchezo huo ni bwana mmoja mwenye uchu aliyegundua dhahabu, na mizimu ya kike, weupe kama ukungu, inayoilinda na kumwonya asichimbe. Yeye akachimba. Mume wangu ni mtu wa Geita. Wajomba zake walizama kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Alirudi amepauka, akakaa kwenye benchi, akaomba chai.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kosa lao dogo tu. Hawakutoa kafara."

Jioni mvua ilianza, ile ya Uholanzi isiyonyesha wala kuacha. Kanga ya tatu ikapata kazi. Tulimalizia na Droomvlucht, vijigari vinavyoning'inia na kupita gizani katikati ya vijini vyenye mabawa, misitu na majumba yanayoelea, vimekuwapo tangu 1993. Ndani yake pana harufu ya majani mabichi baada ya mvua. Mdogo alinyamaza kabisa, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Mama alishika mkono wangu njia nzima. Tulipotoka sikumuuliza alichokiona, naye hakusema, zaidi ya kwamba anataka kwenda msalani.

Basi la kurudi Tilburg lilikuwa limejaa watoto waliochoka na wazazi waliochoka zaidi. Mkubwa alikaa dirishani, bado ameninunia kwa ajili ya sentimita sita kana kwamba nilimfupisha mimi. Mama akakaa kando yake. Hotpoti tupu ilikuwa inagongana na chupa ya chai miguuni. Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha nikamsikia Mama, si kwa sauti kubwa, akitazama mbele tu.

"Paukwa!"

Mtoto akamgeukia. Akafikiri. Kisha kwa sauti ya kukwaruza, ya kutoka puani: "Paukwa!"

"Aa-a," Mama akasema. "Wewe si kasuku. Mimi nikisema paukwa, wewe unasema pakawa. Usiponijibu siwezi kuendelea. Tena. Paukwa!"

Akamtazama Bibi yake kuona kama anataniwa. Mdogo, ambaye nilidhani amelala mapajani mwangu, akajibu badala yake, jicho moja wazi. "Pakawa."

"Pakawa," mkubwa akadakia haraka, asipitwe.

"Kaondokea Chanjagaa," Mama akaanza, "kajenga nyumba kakaa. Mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi..."

Mtoto akauliza chikichi ni nini. Mama akaeleza mchikichi, mafuta yake, na rangi yake, na namna ya kuupanda. Akauliza mwanasiti ni nani. Mama akaeleza na huyo. Tuliteremka kituoni kwenye mvua, Chanjagaa hajaezeka nyumba.